"Amekata rufaa, basi atatoka": tunayosikia Bukavu kuhusu kesi za ubakaji

"Mwanangu, yule mtu amekata rufaa. Atatoka lini?" Mama anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni Kadutu aliniuliza huku akikung'uta chumvi mezani, kana kwamba rufaa ni ufunguo wa gereza.

Kukata rufaa peke yake hakufuti hukumu. Mshtakiwa ana siku 10 tangu hukumu kusomwa mbele yake, na kama hakuwepo, tangu alipofikishiwa. Mahakama ya Rufaa inaweza kuithibitisha, kuibadilisha au kuitengua.

Kosa kubwa zaidi tunalosikia ni hili: "Ni neno la binti na neno la bwana, majaji wa juu watamwachilia tu." Sheria yetu ya Kongo haihesabu mashahidi kama mafungu ya sombe, majani ya muhogo, sokoni. Ushahidi wa mtu mmoja unaweza kutosha jaji akiusadiki, ila lazima aseme kwa nini. Ibara ya 21 ya Katiba inadai kila hukumu iandikwe pamoja na sababu zake. "Tumemwamini" bila maelezo ni maneno matupu. Majaji wa rufaa wanapima upya: binti alisema nini polisi, nini parke (ofisi ya waendesha mashtaka), nini mbele ya mahakama? Mtoto kukosea saa si sawa na kubadilisha mtu aliyemtaja. Wanaweza kusikiliza watu upya, lakini mara nyingi wanaanza na karatasi, na kilio cha binti hakimo kwenye karatasi ikiwa karani hakukiandika. Karani mvivu, kwa maoni yangu, ameharibu kesi nyingi kuliko avoka (wakili) mjanja.

"Neno la mtoto halisimami mbele ya rufaa." Mwenye kusema hivyo amesahau Kavumu, karibu na Bukavu. Watoto wadogo walichukuliwa usiku majumbani mwao, wakabakwa. Wengi walitibiwa hospitali ya Panzi. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwatia hatiani Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, na watu wake. Walikata rufaa. Julai 2018 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilithibitisha hatia yao.

Kinyume chake ni kesi ya Minova iliyoamuliwa Goma Mei 2014: kati ya askari 39 walioshtakiwa, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji, na mahakama ile ya kijeshi ya uwanja wa vita haikuwa na rufaa kabisa. Mwathirika aliyeaminiwa na asiyeaminiwa, wote waliishia hapo.

"Alikuwa na wanaume kabla, nani atamwamini?" Sheria 06/019 ya 20 Julai 2006 inakataza wazi kupima ukweli wa mwathirika kwa maisha yake ya kitanda ya zamani. Kimya chake, au kutopigana kwake, si kukubali. Na karatasi ya daktari isiyoonyesha jeraha haimfanyi kuwa mwongo.

Kinshasa nako? Mahakama ya Kasasyo, inayopitia hukumu za rufaa, haipimi tena nani mkweli. Inaangalia kama sheria ilifuatwa na sababu zilitolewa.

Shaka ikibaki, bado inamfaidi mshtakiwa, mahakama za juu kama za chini. Tangu M23 iuteke mji Februari 2025, mahakama za Bukavu haziendi kama zamani, ila sheria haijafutwa.

Mama alifunga gazeti juu ya samaki, akauliza polepole: "Na mtoto ataulizwa tena mbele ya watu?"

Anaweza kuulizwa tena. Mbele ya watu, hapana, akiomba milango ifungwe: sheria hiyohiyo ya 2006 inampa haki hiyo.