Kupe, papasi na magonjwa wanayotuletea

Ng'ombe akijaa kupe watu wanawaza damu inayonyonywa tu. Ni kweli damu inaisha, lakini kinachoua zaidi ni vimelea anavyoingiza kupe kupitia mate, na hapa ndo wafugaji wengi wanapigwa.

Chukua ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe. Inaletwa na kupe wa kahawia, yule anayependa masikio, na hazaliwi nayo, mayai yake ni safi kabisa, anaipata akiwa bado mdogo kwa kunyonya ng'ombe mwenye vimelea, anashuka kwenye majani anajivua gamba, halafu akipanda ng'ombe mwingine ndo anaimwaga. Ila haimwagi palepale! Vimelea vinahitaji kama siku 3 au 4 za kunyonya ndo vikomae kwenye tezi zake za mate. Ndo maana tunawasumbua na ratiba ya josho, yaani kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, kupe akifa mapema hajaambukiza, wewe ukisubiri mpaka avimbe kama harage ushachelewa. Tezi chini ya sikio zikivimba na ng'ombe ana homa, ita mtaalamu siku hiyohiyo, usingoje apumue kwa shida na povu litoke puani, hapo dawa inakuwa kubahatisha tu. Chanjo ipo, anachomwa mara moja tu, na kwa ng'ombe wa maziwa mi naona inalipa.

Kupe wa buluu yeye ni mwingine, anarithisha ugonjwa wa mkojo mwekundu kwa watoto kupitia mayai.

Sasa papasi, naye ni aina ya kupe, ila huyu ni wa binadamu. Anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, Dodoma anajulikana sana, usiku anatoka ananyonya dakika chache anarudi zake, asubuhi humuoni. Hizo dakika zinatosha kukupa homa ya papasi, kwa mate au kwa majimaji anayotoa karibu na miguu. Homa inapanda siku kadhaa, inakata, unadhani umepona, baada ya siku kadhaa inarudi, na kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Sakafu ya simenti inasaidia sana, na kitanda kiwe juu, mbali na ukuta. Kama umelala nyumba ya hivyo ukapata homa mwambie daktari, aombe damu iangaliwe kwenye hadubini, maana kile kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea vya homa ya papasi.