Jiliwa la FAD: protini inayoshika bila kugandisha

Kuna jaribio ambalo sijachoka kulifanya. Unafumua protini za mitokondria kwa sabuni kali na joto, unazitenganisha kwenye jeli, unazima taa, kisha unaimulika jeli kwa miale ya urujuanimno. Protini nyingi zilizokuwa zimebeba FAD, molekuli ndogo ya kupokea elektroni, zimeshaidondosha njiani. Protini iitwayo SDHA ni miongoni mwa chache zinazobaki ziking'aa kimanjano, kwa sababu FAD yake, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini B2, imefungwa kwenye histidini, mojawapo ya amino asidi zinazoijenga SDHA, kwa kifungo imara cha kikemikali kiitwacho kovalenti.

SDHA ni sehemu mojawapo kati ya nne za suksineti dihidrojenasi, kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Kifungo hicho si pambo. Ukibadilisha ile histidini, FAD bado huingia mahali pake, na kimeng'enya huweza kufanya kazi kinyumenyume, kugeuza kemikali iitwayo fumareti kuwa nyingine iitwayo suksineti. Kinachokishinda ni kazi yenyewe, yaani kuivua suksineti elektroni zake. FAD iliyofungwa huvuta elektroni kwa nguvu zaidi kuliko iliyokaa huru.

Nani anafunga, basi? Mwaka 2009 kundi la Jared Rutter, Chuo Kikuu cha Utah, lilichunguza protini ya hamira ambayo kazi yake haikujulikana. Walipoiondoa, FAD haikufungwa na kimeng'enya kikafa. Wakaiita Sdh5, kwa binadamu ni SDHAF2.

Wanafunzi wangu wengi hudhani SDHAF2 ndiyo inayofunga. Hapana. SDHA hujifungia FAD yenyewe. Msaidizi huyu hujipachika kati ya sehemu inayobeba FAD na ile iliyo kama kifuniko, akakishikilia kifuniko kwa pembe inayoiweka FAD na histidini sawasawa hadi kifungo kikamilike. Ni jiliwa la seremala: si gundi, ila bila hilo mbao hazikai. Bakteria Thermus thermophilus, mkazi wa chemchemi za moto, hana msaidizi wa aina hii, na SDHA yake hufungika vizuri tu ikipata joto lake la kawaida. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba SDHA hujifungia yenyewe.

Kazi ikiisha, SDHAF4, protini nyingine saidizi, huipokea SDHA na kuizuia isivujishe elektroni kwenye oksijeni kabla haijaungana na zile sehemu nyingine tatu za kimeng'enya.

Mwaka huohuo wa 2009 hitilafu ya SDHAF2 ilionekana katika ukoo mmoja wa Uholanzi: amino asidi yake ya 78, glisini, imegeuka kuwa nyingine, ajinini. FAD haifungwi, suksineti hurundikana, seli hujiona kama zimekosa oksijeni, na uvimbe uitwao paraganglioma huota shingoni. Uvimbe huo huwapata waliorithi hitilafu hiyo kutoka kwa baba. Mwanamume aliyeirithi kwa mama kwa kawaida haugui. Hata hivyo, daktari anayechora ukoo hamwachi, kwa sababu kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuipokea, na safari hii itakuwa imetoka kwa baba.