Kwa Nini Kaunti ya Mombasa Hupungukiwa na Fedha Ilhali Ina Bandari, na Ni Nani Huikopesha?

Mkazi wa Mombasa ambaye huona makasha yakishushwa Kilindini usiku na mchana ana haki ya kuuliza kwa nini kaunti yenye bandari kubwa kiasi hicho hukosa fedha za kuwalipa wanaoiuzia dawa au wanaoitengenezea barabara. Jibu la kwanza limo katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 209 kimeipa serikali ya kitaifa pekee mamlaka ya kutoza ushuru wa forodha, kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani, na bandari yenyewe huendeshwa na shirika la serikali hiyo. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi, kodi ya burudani, na ada za huduma kama vile leseni za biashara, maegesho na masoko.

Katika hayo yote, kodi ya ardhi ndiyo ingekuwa nguzo, lakini Mombasa ina historia yake. Tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ardhi nyingi ya pwani iliandikishwa kwa majina ya watu wachache, na wengi wa warithi wao hawaishi hapa. Katika mitaa kama Majengo na sehemu kubwa ya Kisauni, mtu anaweza kumiliki nyumba aliyojijengea lakini asimiliki kiwanja ilipo. Aliye kwenye nyumba hana hati ya kudaiwa kodi, na mwenye hati hapatikani. Naamini upungufu wa fedha za kaunti hauwezi kuelezwa kwa haki bila kulitaja jambo hili, ingawa mijadala ya bajeti hulipita haraka.

Kwa hiyo kaunti hutegemea mgao kutoka Nairobi. Katiba inataka kaunti zote 47 zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kiasi hicho chaweza kubadilika njiani: kwa mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti zilitarajia shilingi bilioni 400.1, lakini baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya Juni 2024, mgao ulipunguzwa hadi bilioni 387.4 ilhali mwaka wenyewe ulikuwa umekwisha kuanza. Hata fedha zilizokubaliwa huchelewa kufika.

Je, kaunti haiwezi kukopa? Kifungu cha 212 kinaruhusu, ila kwa masharti mawili: mkopo udhaminiwe na serikali ya kitaifa, na Bunge la Kaunti liidhinishe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaongeza kwamba, katika muda wa kati, mikopo itumike kwa maendeleo tu. Mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo la fedha taslimu hauruhusiwi kuzidi asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa, na sharti ulipwe ndani ya mwaka mmoja.

Mlango wa benki ukiwa mwembamba namna hiyo, kaunti hukopa kwa njia isiyoitwa mkopo. Bajeti hupitishwa ikiwa na makadirio ya mapato ya ndani yaliyo juu kuliko yanayokusanywa kwa kweli, kasoro ambayo ripoti za Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kitaifa anayesimamia utekelezaji wa bajeti za serikali, zimeitaja mara nyingi kuhusu kaunti mbalimbali. Zabuni hutolewa kwa kutegemea fedha hizo, kazi hufanywa, kisha mwaka hufungwa Juni 30 bila malipo. Mkopeshaji wa kaunti, basi, ni mwanakandarasi mdogo wa Changamwe au muuza vifaa vya hospitali, ambaye pengine naye amekopa benki na analipa riba kila mwezi. Huo ni mzigo usiokuwa wake. Wauzaji waliokwisha kuumia hupandisha bei kwenye zabuni zinazofuata ili kufidia muda wa kusubiri, na hivyo mwananchi hulipa riba ambayo haikuandikwa katika bajeti yoyote.

Msimamizi wa Bajeti amesisitiza kwamba madeni ya mwaka uliopita yalipwe kwanza. Agizo hilo ni la haki kwa anayedai, lakini bajeti mpya ya Julai huanza ikiwa imepungua tayari, na anayepewa kazi mwaka huo hujikuta nyuma ya foleni ya waliomtangulia.