Nidhamu Chanya Darasani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Maneno "nidhamu" na "adhabu" yametumika pamoja katika mazungumzo ya shule kwa muda mrefu, hata wengi wakayachukulia kuwa kitu kimoja. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini huko hayana undugu: la kwanza hubeba maana ya mpango au utaratibu, la pili mateso. Sehemu kubwa ya upotofu kuhusu nidhamu chanya, yaani kumfundisha mtoto tabia inayotakiwa kwa mipaka thabiti na maelezo badala ya fimbo, huanzia kwenye mchanganyiko huo.

Dhana: Nidhamu chanya ni kumwachia mtoto afanye apendavyo.

Hii ndiyo dhana inayowafanya walimu wengi wenye nia njema waikatae mbinu hii kabla ya kuijaribu. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind aliwachunguza watoto wa umri wa chekechea na wazazi wao, akabainisha malezi ya aina tatu: ya amri zisizohojiwa, ya kuachilia, na yale yenye mipaka thabiti inayokwenda sambamba na upendo na maelezo. Watoto waliolelewa kwa namna hiyo ya tatu ndio walioonekana kujitegemea na kujidhibiti zaidi, na nidhamu chanya ni ya kundi hilo, si la kuachilia.

Mtoto akimpokonya mwenzake kalamu, mwalimu humzuia mara moja, huirudisha kalamu kwa mwenyewe, humfundisha maneno ya kuomba, kisha humsimamia ayatumie papo hapo. Aliyeachiliwa asingezuiwa. Aliyechapwa angezuiwa, lakini angerudi kwenye dawati lake bila kujua kuomba. Kwa sababu hiyo hiyo kanuni za darasa huwa chache na hutaja kinachotakiwa: "Tunatembea darasani" humwelekeza mtoto mdogo la kufanya, ilhali "Usikimbie" humwachia kazi ya kubuni mwenyewe afanye nini badala ya kukimbia.

Dhana: Sisi tulichapwa, na tukawa watu.

Fimbo hunyamazisha darasa, hilo halina ubishi. Swali ni nini hufuata baadaye. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 50 hivi, zilizohusu watoto wapatao 160,000. Kupigwa kulihusishwa na ukorofi zaidi na afya dhaifu ya akili, wala hakukuonekana kuhusishwa na utii wa kudumu. Ni haki kusema kwamba tafiti hizo zilihusu hasa kupigwa na wazazi, na kwamba mambo mawili kwenda pamoja si uthibitisho kuwa moja limezaa jingine. Hata hivyo, anayeitetea fimbo ndiye anayedaiwa ushahidi wa faida yake. Mtu aliyechapwa akafaulu hana namna ya kujua kama alifaulishwa na fimbo au na yule mwalimu aliyebaki naye baada ya vipindi kumweleza hesabu upya. Isitoshe, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto.

Dhana: Ni suala la kugawa zawadi na sifa.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti iwapo wangechora. Baada ya siku kadhaa, walioahidiwa walichora kwa hiari yao kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu, na hata kuliko waliopewa cheti bila kukitarajia. Zawadi si sumu, kwani inaweza kumwanzisha mtoto kwenye jambo lisilomvutia kabisa, lakini ukuta uliojaa nyota za karatasi si dalili ya nidhamu. Sifa nazo hufaa zikitaja tendo. "Hodari!" haimwambii mtoto alichofanya, "Umemsubiri mwenzako amalize kusema" inamwambia.

Dhana: Mtoto msumbufu anafanya makusudi.

Wakati mwingine ndivyo. Mara nyingi zaidi, tabia ina kazi inayomfanyia mtoto, na kazi hiyo huonekana mwalimu anapoandika kwa siku kadhaa kilichotangulia, alichofanya mtoto na kilichofuata. Chukua mwanafunzi anayezua vurugu kila zamu yake ya kusoma kwa sauti inapokaribia, naye kila mara hutolewa nje. Mwalimu anadhani ameadhibu. Mtoto amepata alichokitafuta, yaani kuepuka kusoma, na kesho atarudia. Dawa hapo ni kumfundisha kusoma, na kumpa njia inayokubalika ya kusema kwamba anahitaji msaada. Ikumbukwe pia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20.

Dhana: Haiwezekani katika darasa kubwa.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, maana wiki za kwanza hula muda mwingi. Lakini darasa kubwa ndilo linalohitaji zaidi taratibu zilizofundishwa na kurudiwa: namna ya kuingia, ya kuomba msaada, ya kukusanya madaftari.

Wapo watoto wachache ambao hayo yote hayatawatosha, na kwao mwalimu hushirikiana na wazazi, mshauri nasaha na wataalamu wa afya. Mtoto asiyeitikia maagizo kabisa hupimwa masikio kwanza.