Lukemia ya chembe zenye nywele: yanayosemwa na yalivyo hasa

Ukitaja saratani ya damu, wengi humfikiria mtu aliyezidiwa ghafla, chembe nyeupe zimefurika, na dawa kali zinaanza siku hiyohiyo. Hii ya chembe zenye nywele haiendi hivyo. Ni adimu, takriban 2 kati ya kila lukemia 100, hukua polepole, na huwapata zaidi wanaume wa umri wa makamo kuliko wanawake.

"Chembe nyeupe ziko chini, basi si saratani ya damu." Hapa ndipo wengi hupotelea. Chembe zenye nywele, ambazo ni chembe nyeupe zilizoharibika, hujibanza kwenye uboho na bandama. Kwenye damu inayozunguka huwa chache. Majibu ya picha nzima ya damu hurudi yakiwa chini kila upande: nyekundu, nyeupe, na zile za kugandisha. Monosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, karibu hutoweka. Tatizo ni kwamba mashine wakati mwingine huzihesabu chembe zenye nywele kuwa ndizo monosaiti, na karatasi ikasoma vizuri tu. Tone la damu kwenye kioo, likitazamwa kwa hadubini na mtu anayejua anachokitafuta, ndilo huumbua ugonjwa: kingo za chembe zimechakaa kama zimeota vinyweleo.

"Bandama imevimba? Malaria hiyo." Kwetu dhana hii ina msingi. Malaria ya mara kwa mara huivimbisha, kichocho vilevile, na kala-azar, ugonjwa wa kuumwa na usubi, wa kule Baringo na Turkana hushusha hata hesabu za damu. Kuanza na vipimo hivyo ni sahihi kabisa. Ubaya ni kuishia hapo, mgonjwa anapewa tena dawa ya malaria wakati kipimo hakionyeshi vijidudu. Na juisi ya rozela pamoja na vidonge vya madini ya chuma? Vidonge humfaa aliyepungukiwa chuma. Huyu uboho wake umevamiwa.

"Sindano ilitoka kavu, daktari hajui kazi." La hasha. Mgonjwa amelala ubavu, sindano imeingia kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, bomba linavutwa, hakuna kitu. Ugonjwa huu hujaza uboho nyuzinyuzi zinazoukaza, kwa hiyo ukavu wenyewe ni dalili. Hapo hukatwa kipande chembamba cha mfupa, na maabara hutafuta alama kama CD103, CD25 na CD11c juu ya chembe.

"Asipoanza dawa leo tunamzika." Familia hukasirika daktari akisema tusubiri; hudhani amekata tamaa au anataka hela. Lakini asiye na dalili, na hesabu zake zikiwa bado nzuri, huangaliwa tu kwa vipimo vya kila miezi michache. Dawa huanza akichoka sana, akiandamwa na maambukizi, bandama ikimsumbua, au hemoglobini ikishuka chini ya 11, chembe za kugandisha chini ya 100,000 au nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, chini ya 1,000.

Zamani bandama ilikuwa ikikatwa. Mwaka 1990 watafiti wa taasisi ya Scripps, California, walionyesha kwamba mkupuo mmoja wa kladribini, dawa ya saratani, siku 7 za dripu, huweza kuusukuma ugonjwa mbali kwa miaka mingi. Kabla yake kifua kikuu na homa ya ini B vipimwe, maana dawa hushusha kinga. Ugonjwa ukirudi, kladribini hurudiwa, mara nyingi pamoja na rituksimabu, dawa ya kingamwili.

Hauambukizi, wala si laana ya ukoo. Karibu wagonjwa wote wana badiliko la jeni ya BRAF, lililogunduliwa katika ugonjwa huu na watafiti wa Italia mwaka 2011, na mtu hulipata ukubwani, hazaliwi nalo.

"Sindano zimeisha, nimepona, naendelea na mambo yangu." Homa katika wiki zinazofuata si ya panadol nyumbani, ni ya hospitali usiku huohuo. Na anayesafiri asikubali chanjo ya homa ya manjano kabla ya kumwuliza daktari wake wa damu: chanjo hiyo ina virusi hai.