Kabla hujapiga jeki, jiulize nini kinazuia gari isitembee

Gari ikija gereji imebonyea pale chini ya mlango najua tu hapo palipigwa jeki vibaya, mara nyingi barabarani kwa haraka haraka. Kubonyea ni hasara ndogo. Kubwa ni gari kudondoka, na watu wakisikia gari imedondoka wanalaumu jeki, eti mbovu, eti ya kichina. Inatokea kweli, ila mara nyingi jeki unaikuta nzima kabisa, gari ndo imetembea. Ikisogea kidogo tu mbele au nyuma jeki inalala upande, na ikishaanza kulala hakuna mkono wa mtu utakaoizuia.

Sasa ukimuuliza mtu nini kinazuia gari yako isitembee atakwambia handibreki na P, ile gia ya kuegesha ya otomatiki, kamaliza. Ngoja nieleze hapa maana hapa ndo penyewe.

Handibreki kwenye gari nyingi ndogo inashika matairi ya nyuma tu. P, au gia kama ni manyuo, inashika yale yanayozungushwa na injini, na kwa IST, Vitz, Passo na wenzao hayo ni ya mbele. Katikati ya hayo matairi mawili kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu tairi moja lizunguke tofauti na mwenzake ili gari ikate kona vizuri. Ukinyanyua tairi moja la mbele, lililo hewani liko huru, linaweza kuzunguka kinyume na la chini nalo likazunguka, na P iko pale pale haijatoka. Yaani ukibadilisha tairi la mbele la IST, P haikusaidii kitu, umebaki na handibreki peke yake, ile ile fundi alishakwambia waya umelegea ukajibu tutaangalia mwisho wa mwezi.

Zinazosukuma nyuma, Hiace, Mark X, Noah old model, hatari inahamia nyuma. Ukinyanyua tairi moja la nyuma P inakosa nguvu kwa sababu ile ile ya difu, alafu handibreki inabaki kushika tairi moja tu lililopo chini, na ya mbele hayana kinachoyashika. Canter ndo usiseme, nyingi handibreki yake haiko kwenye matairi kabisa, iko nyuma ya giaboksi inashika propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, Land Rover Defender za zamani hivyo hivyo. Nyanyua tairi la nyuma la Canter kwenye kamteremko bila kuziba ya mbele uone, inaondoka na handibreki umeivuta mpaka mwisho.

Kwa hiyo jiwe au kigogo sio mambo ya matingo wa malori tu, ni ya kila gari. Unaziba tairi la upande mwingine na unalobadilisha: unafungua la mbele kushoto, unaziba la nyuma kulia, mbele yake na nyuma yake, na liingie likaze sio likae jirani tu. Jiwe liwe na pembe, la duara litaviringika na gari. Abiria wote washuke, na mizigo mizito kama inatoka itoe. Mteremko ukiwa mkali usipige jeki hapo, sogea taratibu mpaka penye usawa hata kama tairi litaisha, tairi linanunuliwa. Na jamani ukimaliza TOA MAWE BARABARANI. Hii inanikera kuliko zote, mtu anaweka matawi na mawe kama alama, gari ikipona huyo anaondoka zake, usiku anakuja kuyakuta mtu wa bodaboda.

Ardhi nayo. Huku pwani ni mchanga, mguu wa jeki ya gari ni mdogo, unazama upande mmoja na jeki inapinda. Tembea na kipande cha ubao mgumu kwenye buti, kipana kuliko mguu wa jeki. Hata lami ya saa nane mchana juani inalainika, weka ubao tu. Ila tofali HAPANA, tofali la saruji halikupi taarifa, linapasuka mara moja.

Legeza nati gari ikiwa bado chini. Nusu mzunguko kila moja inatosha, usizitoe. Ukisubiri mpaka iwe juu, tairi litazunguka na wewe, na zile nguvu za kukanyaga wili spana kwa mguu zote unazipeleka kwenye jeki.

Pa kuweka jeki: chungulia chini ya mlango, kuna kingo ya chuma inayoning'inia, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma. Gari nyingi za Toyota ndogo zimekatwa vialama viwili pale, jeki inakaa katikati yake na ile kingo inaingia kwenye mfereji wa kichwa cha jeki. Sio kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, sio kwenye giaboksi, sio kwenye plastiki za urembo. Nyanyua mpaka jeki ianze kubeba, simama, angalia imenyooka? Ndo uendelee, na isizidi pale tairi linapoachia ardhi, ongeza kidogo tu maana spea yenye upepo inahitaji nafasi kuliko lenye pancha. Wenye Aqua na Prius, zile haibridi za injini na umeme, zima kabisa mpaka taa ya READY izimike na ufunguo ukae mbali, gari hiyo injini inaweza kuwaka yenyewe.

Tairi ulilotoa usiliegemeze pembeni, lilaze chini ya gari karibu na jeki. Likitokea la kutokea gari inaangukia rimu, na wewe unabaki na mikono yako.

Mpaka hapo naongelea kubadilisha tairi, ambapo mwili wako uko nje. Kuingia chini kumwaga oili ni habari nyingine, na jeki peke yake hairuhusiwi, iwe ya mkasi au ya mafuta. Ya mafuta ndo inadanganya watu kwa sababu inaonekana nene na imeandikwa tani kadhaa, wakati inachobeba gari humo ndani ni mafuta yaliyozuiwa na sili za mpira, sili ikichoka inashuka polepole au ghafla. Nunua stendi za chuma mbili zenye pini, ziweke kwenye chesisi au pale pale kwenye sehemu za jeki, shusha gari izikalie, alafu isukume kwa mkono kwa nguvu kabla hujaingia. Kama itayumba, bora iyumbe ukiwa umesimama. Jeki iache pale pale iguse kidogo.

Kurudisha, kaza nati kwa mkono kwanza kwa kurukia ya mkabala, sio kuzunguka kwa mpangilio, afu shusha na ukaze kwa nguvu chini. Toyota ndogo kama IST zinataka 103 Nm, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza. Kurukia juu ya spana kunazidisha, stadi, zile bolti nati inakokazwa, zinavutika. Spea ile nyembamba mwisho wake ni 80 kwa saa na inataka upepo wa 60 psi, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na nyingi ninazozikuta kwenye mabuti hazina hata 20. Ipime leo. Nati nazo zirudie kukaza baada ya kilomita hamsini hivi, hasa kama rimu ni za aloi.