Colt Python ya Zamani na ya Sasa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Colt Python, bastola ya silinda inayozunguka (revolver) inayobeba risasi sita kali za aina ya .357 Magnum, ilitoka mwaka 1955 katika kiwanda cha Colt kule Hartford, Connecticut, ikiuzwa dola 125, bei ya juu kwa bastola ya wakati ule. Ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1999 iliondolewa kwenye orodha ya kawaida ya kiwanda, na kwa miaka michache iliyofuata ikawa inapatikana kwa oda maalumu tu. Januari 2020 Colt ikaitoa upya kwa dola 1,499, na mashabiki wakagawanyika kambi mbili papo hapo. Wako wanaoapa kwamba Python ya kweli ilikwisha na wazee waliokuwa wakiipiga tupa mezani. Wengine wanasema ya zamani ni pambo la kabatini na hii mpya ndiyo bastola ya kupiga. Kambi zote mbili zinabeba mambo yasiyo sahihi, na mengi yanatokana na kutoelewa kinachofanyika ndani ya bastola yenyewe.

“Ya zamani ilitengenezwa kwa mkono, kwa hiyo haiharibiki”

Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowagharimu wanunuzi fedha nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ni kweli kwamba Python ya zamani ilimalizwa kwa mkono. Sehemu zake za ndani zilitoka mashineni zikiwa na ziada kidogo ya chuma, kisha fundi akazipiga tupa moja moja mpaka zikakaa sawa ndani ya fremu ile aliyoishika. Sehemu iliyosawazishwa kwa bastola moja haikuwa na uhakika wa kufanya kazi ndani ya nyingine. Ulaini wa triga ambao watu bado wanausimulia ulitoka hapo, kwenye subira ya fundi.

Sasa tazama kazi yenyewe. Unapovuta triga, kipande kidogo cha chuma kinachoitwa mkono kinapanda na kuisukuma nyota iliyo nyuma ya silinda, na silinda inazunguka. Chini yake kuna komeo linaloruka na kuingia kwenye kidimbwi kilichochongwa ubavuni mwa silinda, ili chemba, yaani tundu la silinda linalokaa risasi, isimame sawasawa nyuma ya mtutu. Katika bastola nyingi mkono unaacha kusukuma komeo likishaingia, na silinda inabaki na mchezo kidogo. Katika Python ya zamani mkono hauachi. Unaendelea kuikandamiza silinda dhidi ya komeo mpaka nyundo ianguke, na wakati risasi inatoka silinda haitikisiki hata kidogo. Wapiga shabaha waliipenda kwa sababu hiyo.

Lakini nguvu yote hiyo inabebwa na ncha ya kipande chembamba kuliko kidole cha mtoto. Ncha inalika. Ikilika vya kutosha, silinda inaanza kuchelewa: nyundo inafika mwisho wa safari yake kabla komeo halijaingia mahali pake. Chemba isipokaa sawa na mtutu, risasi inakwangua ukingo wa mtutu inapoingia, na vipande vya risasi vinaruka pembeni. Mafundi walikuwa na dawa ya muda, ya kuugonga mkono ule ili urefuke kidogo, na ukishindwa kurefushwa tena wakaweka mpya na kuusawazisha kwa tupa.

Kwa hiyo sifa kubwa ya Python ya zamani na udhaifu wake mkubwa vinatoka mahali pamoja. Iliundwa na mikono yenye ujuzi, na itaendelea kuihitaji mikono hiyo kadiri inavyopigwa. Anayenunua ya mwaka 1968 kwa imani kwamba haitamsumbua kamwe hajaielewa bastola aliyoinunua. Kabla ya kulipa, hakikisha haina risasi, kisha inua nyundo polepole kwa kidole gumba, chemba baada ya chemba. Komeo linapaswa kusikika likiingia kabla nyundo haijakamata au papo hapo inapokamata. Likichelewa hata kwenye chemba moja, kazi ya fundi inakusubiri, na bei inapaswa kushuka kwa kiasi hicho.

“Basi ya zamani ilikuwa dhaifu”

Hapa kambi ya pili inaruka mbali mno. Kupoteza mpangilio wa silinda ni jambo moja, na kuvunjika kwa chuma ni jambo lingine. Fremu ya Python ya zamani ni imara, kubwa kuliko fremu ya kati ambayo Smith & Wesson iliitumia kwa Model 19, bastola iliyojulikana kwa mtutu kupasuka sehemu ya nyuma ikipigwa .357 Magnum nyingi zenye risasi nyepesi. Python haikuwa na sifa hiyo. Polisi wa barabarani wa majimbo ya Colorado na Georgia waliibeba kazini, na kazi ya askari haikusubiri bastola ya pambo.

Ikitunzwa na kukaguliwa, Python ya zamani inapiga. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba .357 Magnum kali mfululizo zinaharakisha kulika kwa sehemu nilizozitaja, ndiyo maana wenye nazo wengi hupiga .38 Special, risasi isiyo kali kama hiyo, siku za mazoezi. Chemba za .357 Magnum zinazikubali bila tatizo, katika bastola ya zamani na katika mpya.

“Mpya ni jina tu, ndani ni bastola nyingine”

Kuna ukweli nusu hapa. Ndani imechorwa upya, na Colt haikuficha hilo. Sehemu za mfumo wa triga zimepunguzwa, na zimetengenezwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta kwa vipimo vinavyorudiwa, ili zisihitaji tupa ya fundi kabla ya kuingia. Fremu nayo imeguswa: kilengeo cha nyuma kilipobadilishwa, ilipatikana nafasi ya kuongeza chuma kwenye daraja la juu la fremu, na kwa maelezo ya Colt chuma kilicho chini ya kilengeo kimeongezeka kwa asilimia 30. Kilengeo cha mbele kinafunguliwa kwa skrubu moja na kubadilishwa na mwenye bastola mwenyewe. Katika ya zamani, hiyo ilikuwa kazi ya karakana.

Ila kuiita bastola nyingine kabisa ni kuzidisha. Umbo, mtutu mzito wenye chuma kamili chini yake hadi mdomoni, silinda ya risasi sita inayozunguka kuelekea kulia, vyote viko pale pale. Kilichohamishwa ni mahali ujuzi unapokaa. Zamani ulikaa kwenye benchi, mwishoni mwa kazi. Sasa unakaa kwenye mchoro na kwenye mashine, mwanzoni. Mimi naona huo ni uamuzi wa heshima kwa jina lile, kwa sababu kuajiri watu wanaopiga tupa kwa namna ile leo kungeifanya bastola hii isinunulike na wengi.

Wapo pia wanaosema Python mpya ni kazi ya CZ. Kampuni hiyo ya Jamhuri ya Cheki iliinunua Colt mwaka 2021, na bastola ilikuwa imekwisha kutoka mwaka mmoja kabla.

“Triga ya zamani haijapata mpinzani”

Inategemea unapiga vipi. Nyundo ikiwa imeinuliwa tayari, triga ya Python ya zamani inaachia kwa wepesi na usafi ambao ni vigumu kuusahau. Nani atabisha hilo?

Ukivuta triga mwanzo hadi mwisho bila kuinua nyundo, hadithi inabadilika. Springi ya zamani ni bapa, imekunjwa kama herufi V, na inafanya kazi mbili kwa pamoja: kuisukuma nyundo mbele na kuirudisha triga. Kwa mpangilio ule, uzito unapanda kadiri triga inavyosogea nyuma, na mwishoni kidole kinakutana na kilima. Wako waliojifunza kukitumia kilima hicho, wanavuta hadi pale, wanathibitisha shabaha, kisha wanamalizia. Wengine kinawavuruga. Katika mpya, mvuto unakaribia kuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Mtu anayepiga haraka bila kuinua nyundo atafanya vizuri zaidi na mpya, na nadhani wengi wanaoisifu ya zamani kwa jambo hili wanaikumbuka nyundo ikiwa juu.

“Za zamani zote ni sawa”

“Zamani” ni miaka mingi sana. Mwaka 1986 wafanyakazi wa Colt waligoma, na mgomo ukaendelea hadi 1990, huku kiwanda kikiendeshwa na watu wengine. Wakusanyaji wanaolipa fedha nyingi wanatafuta za miaka ya 1950 na 1960, na hawazichanganyi na za kipindi cha mgomo. Hii haimaanishi kila iliyotoka 1987 ni mbovu. Maana yake ni kwamba umri pekee hauthibitishi ubora wa kazi iliyofanyika ndani.

Ile rangi ya bluu nzito iliyoitwa Royal Blue nayo inaeleweka vibaya. Watu wanadhani ilitokana na dawa ya siri. Ilitokana na ung’arishaji: chuma kilisuguliwa kwa magurudumu laini zaidi na zaidi mpaka kikawa kama kioo, ndipo kikatiwa rangi. Dawa haiwezi kuficha mikwaruzo, inaionyesha. Ndiyo sababu Python iliyopakwa rangi upya na karakana isiyo na subira inatambulika haraka, kingo zikiwa zimelainika na maandishi ya mtutuni yamefifia, na thamani yake kwa mkusanyaji imepungua sana.

Na si kweli kwamba chuma cha pua kilianza na toleo la 2020. Python za chuma cha pua zilikuwapo tangu miaka ya 1980. Za bluu nazo zimerudi kiwandani, miaka michache baada ya toleo jipya.

“Mpya ilitoka mbovu”

Zilizotoka mwanzoni mwaka 2020 zilileta malalamiko ya kweli: baadhi silinda haikumaliza mzunguko triga ilipovutwa polepole, na nyingine ziligonga fataki, kile kiwashio kilicho nyuma ya risasi, kwa unyonge. Yalikuwa matatizo halisi na wateja walikuwa na haki ya kukasirika, maana bei haikuwa ndogo. Colt ilizirudisha na kuzirekebisha. Kuyatumia malalamiko ya miezi ile kuhukumu bastola zilizotengenezwa miaka iliyofuata si haki.

Madogo mengine

Matundu yaliyo juu ya mtutu hayakuwekwa ili kuupoza. Bastola ya risasi sita inayofunguliwa na kujazwa tena haihitaji upepo huo. Ni sura, na imebaki kuwa alama ya Python.

Wengine wanashangaa kwa nini mtutu uliokuwa wa inchi 4 sasa ni wa inchi 4.25, wakidhani kiwanda kimeacha vipimo vya asili bila sababu. Sheria ya Kanada inaziweka bastola zenye mtutu wa milimita 105 au chini ya hapo kwenye kundi lililopigwa marufuku. Inchi 4 ni milimita 101.6, na inchi 4.25 ni karibu 108.

Na lile la kuacha chemba moja tupu chini ya nyundo, ili bastola isifyatuke ikianguka au nyundo ikigongwa. Ushauri huo ni wa lazima kwa bastola za muundo wa Single Action Army, ile ya Colt ya 1873, na kwa bastola za kampuni ya Ruger za aina hiyo zilizotengenezwa kabla ya 1973 ambazo hazijabadilishwa. Kwa Python si hivyo. Tangu 1905 Colt ilikuwa na kizuizi cha chuma kinachokaa kati ya nyundo na fremu, kinachosogea pale tu triga inapovutwa hadi mwisho, na Python ilizaliwa nacho.

“Vipuri vya mpya vitaokoa za zamani”

Hili lilitarajiwa sana mwaka 2020, na naelewa matumaini yake, kwa sababu mafundi wanaoijua Python ya zamani wanapungua kila mwaka. Sehemu za ndani za mpya haziingii kwenye ya zamani. Mkono, komeo, springi na triga ni za mchoro tofauti, na kujaribu kuzilazimisha ni kuiharibu bastola ambayo haitengenezwi tena. Mwenye ya zamani atahitaji vipuri vya zamani na fundi mwenye tupa, na ni busara amtafute fundi huyo sasa, komeo likiwa bado linaingia kwa wakati.